Kifua Kilichonyamaza

Mficha uchi hazai. Watoto wa shule wakiisikia methali hii huinamisha vichwa na kuchekea viganjani, naye mwalimu hujikohoza akaharakisha kwenda kwenye nyingine. Wacheke tu, utoto una haki yake. Lakini muulize mkunga yeyote, atakuambia hapana cha kuchekesha hapo. Mwanamke aliyeshikwa na uchungu akiona haya kujifunua mbele ya anayemzalisha, haya hiyo itamgharimu yeye na mwanawe. Na methali haisemi uzazi peke yake. Kila anayetaka kusaidiwa hana budi kuonyesha panapouma, hata kama hapo panapouma pana aibu. Wengi tunalijua hilo. Taabu ni kwamba wengine huonyesha nusu, wakaficha nusu, wakadhani nusu inatosha.

Palikuwa na fundi mmoja wa magodoro, mtu mrefu, mwembamba, mwenye mikono mikubwa kuliko umbo lake. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kilichotazama barabara, kati ya kinyozi na duka la rangi. Ndani mlikuwa na mashine ya kushonea, marobota ya pamba yaliyopangwa hadi karibu na dari, na vitambaa vya mistari vilivyoviringishwa vikaegemezwa ukutani. Pamba haikuwa na adabu mle. Ilikaa kwenye nondo za dirisha, kwenye vikombe vya chai, kwenye kope za macho. Mteja aliyeingia na suruali nyeusi alitoka kama aliyelala kwenye banda la kuku.

Fundi huyu alifanya kazi na mkewe, na kazi yao ilikuwa ya watu wawili kwelikweli. Godoro likishajazwa, walilisimamisha kwa ubavu katikati ya chumba, mume upande huu, mke upande ule, wasionane. Mume alichukua shazia, ile sindano ndefu ya mafundi wa magodoro, akaipenyeza huku akisema, "Inakuja!" Mke akaipokea upande wa pili, akavuta uzi ukakaza, akasogea kidogo, akaipenyeza tena: "Inarudi!" Hivyo ndivyo pamba inavyoshikwa isikimbilie pembeni. Shazia ikiwa kazini walikuwa na mwiko: halisemwi neno jingine lolote ila hayo mawili. Mambo ya nyumbani yalisubiri godoro lilazwe chini. Miaka yote waliyofanya kazi hiyo hakuna aliyemchoma mwenzake.

Shida ilikuwa kifua. Fundi alikuwa na pumu tangu utotoni, na vumbi la pamba halikuwa rafiki yake. Yaliyomtesa zaidi ni majira yale mvua zinapokwisha, nyasi zinapochanua na upepo kubeba vumbi la maua yake. Hapo macho yalimwasha, pua ikatiririka, na kifua kikapiga mluzi uliosikika hadi kwa jirani. Kinyozi, mtu wa maneno mengi, ndiye aliyembandika jina la Filimbi.

"Huyu hana haja ya kupiga hodi," alizoea kuwaambia wateja wake. "Unamsikia kabla hajafika."

Mkewe naye alikuwa na desturi yake. Kila asubuhi, kabla Filimbi hajavaa shati, aliweka sikio mgongoni pake, chini ya bega, akasikiliza. Kifua kikilia kwa mbali alisema, "Leo kuna kifaranga," wakaenda kazini. Kikikwaruza alisema, "Leo kuna paka," na siku hiyo Filimbi alibaki nyumbani, anune asinune. Sikio lile halikuwahi kudanganya. Filimbi mwenyewe aliliamini kuliko alivyojiamini.

Mwaka mmoja majira ya maua yalikuja vibaya. Paka aliingia kifuani akagoma kutoka. Filimbi hakuweza kupanda ngazi tatu za nyumba yake bila kusimama na kushika ukuta, na mkewe, aliyekuwa mpole lakini si mjinga, akamwambia, "Mimi nimechoka kusikiliza. Nenda hospitali." Akaenda peke yake, kwa kuwa mkewe alibaki kumalizia kazi ya mteja asiyetaka kusikia habari za mafua.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani na sauti ya taratibu. Alimpima, akamuuliza maswali mengi, kisha akamwekea pakiti ya vidonge mezani.

"Hiki kitakusaidia kifua na hiyo aleji ya maua kwa pamoja," alisema. "Kidonge kimoja, kila jioni. Hata siku unayojiona mzima, unameza. Ukisahau leo, kesho usimeze viwili kufidia."

"Sawa, Dokta."

"La pili. Hiki si cha kuzima shambulio. Kifua kikibana ghafla, dawa yako ni hii pampu ya kuvuta uliyonayo. Isikae mbali nawe."

"Sawa."

"La tatu nisikilize vizuri, baba. Wapo watu, si wengi, ambao kidonge hiki huwagusa akilini. Ndoto za kutisha, hasira zisizo na sababu, huzuni, hata mawazo ya kutaka kujidhuru. Ukiona hata moja kati ya hayo, unakuja au unapiga simu siku hiyohiyo. Na nyumbani uwaambie wakuangalie, maana mara nyingine mwenyewe ndiye wa mwisho kujijua."

Filimbi akacheka. "Dokta, kidonge cha kifua kitapotea njia mpaka kifike kichwani?"

Daktari hakucheka. "Kinapita kwenye damu, na damu inakwenda kote. Utawaambia?"

"Nitawaambia."

Mkewe aliporudi nyumbani alimkuta anavua viatu. "Haya, amesemaje?"

"Kidonge kila jioni. Na pampu nisiiache."

"Na nini tena?"

"Basi. Mengine ni ya kidaktari."

Nusu ikasemwa, nusu ikabaki mfukoni. Hakuwa na nia mbaya, masikini. Aliona tu kwamba maneno ya ndoto na hasira ni maneno ya kumtia mtu aibu, na kwa nini amtie mkewe wasiwasi kwa jambo ambalo halikuwapo?

Dawa ikafanya kazi yake. Haikupita muda mrefu, asubuhi moja mkewe akaweka sikio mgongoni, akasikiliza, akahamisha sikio upande wa pili, akasikiliza tena.

"Vipi?" Filimbi akauliza.

"Hakuna kitu," mkewe alisema. "Si paka, si kifaranga. Kimya, mume wangu. Kifua kimenyamaza!" Akaketi kitandani akalia kwa furaha, maana miaka yote aliyolala kando ya mtu yule alikuwa akilala na nusu ya sikio limeamka.

Karakana nzima ilibadilika. Nje nyasi za kando ya barabara zilikuwa zimechanua tele, na Filimbi alikuwa anabeba marobota mwenyewe, anaimba. Kinyozi akatokeza kichwa mlangoni. "Jamani, filimbi imezibwa! Sasa tukuiteje?"

"Niite Tarumbeta," Filimbi akamjibu, wakacheka mpaka mteja aliyekuwa na povu mashavuni akamwita kinyozi arudi. Ile pampu ya kuvuta, iliyozoea kukaa mfukoni mwake, ikatiwa kwenye droo ya mashine ya kushonea, na hapana aliyeikumbuka.

Ndoto zilianza kidogokidogo. Aliota anashona godoro, na ndani ya godoro mna mtu anapumua. Kadiri alivyotaka kuacha ndivyo mikono yake ilivyozidi kushona. Aliamka shuka limelowa jasho. Mkewe alipomuuliza, alisema ni joto. Kesho yake ikawa joto tena, na keshokutwa joto. Akaanza kuogopa kulala, na asubuhi akawa anaamka na uchovu wa mtu aliyebeba mizigo.

Kisha zikaja hasira. Walikuwa na binti mmoja tu, aliyekuwa akimalizia masomo ya sekondari, mtoto mchangamfu aliyezoea kumtania baba yake kama rika lake. Siku moja jikoni kifuniko cha sufuria kilimponyoka mkononi, kikalia sakafuni. Filimbi alisimama akamtolea maneno mazito, maneno ambayo mzazi hamwambii mwanawe wala adui hamwambii adui. Binti alibaki ameduwaa. Hakulia mbele yake. Tangu siku hiyo alimsalimia baba yake kwa heshima kamili, "Shikamoo baba," kisha akapita. Ule utani wao ulikwisha, na Filimbi alijua ni yeye aliyeuua.

Mwisho ikaja huzuni, na hii ndiyo iliyomtisha zaidi kwa sababu haikuwa na mlango wala dirisha. Aliweza kuwa ameketi mchana kweupe anachambua pamba, hakuna aliyemkosea, na machozi yakaanza kumtoka. Aliyapangusa kwa mkono. Mtu akiingia alisema, "Vumbi hili litanimaliza macho," na kila mtu alikubali. Nani angemkatalia fundi wa magodoro kwamba vumbi limemwingia machoni?

Msidhani alikuwa amesahau aliyoambiwa na daktari. Hakusahau hata neno. Alikaa nayo maneno yale kutwa. Lakini kila alipotaka kunyanyua simu, fikra moja ilimrudisha nyuma: nikisema, watanipokonya kidonge, na kidonge kikiondoka, paka anarudi. Mtu aliyewahi kukosa pumzi haogopi kitu kingine duniani kama kuikosa tena. Alikuwa ameonja kupumua. Aliona heri alie na kupumua kuliko acheke huku amekabwa. Na juu ya hapo kulikuwa na kiburi cha kawaida cha wanaume: mtu mzima na mikono yake aende kwa daktari kushtaki ndoto?

Mkewe hakuwa kipofu. Mchana mmoja, karakana ikiwa tupu, alimfuata.

"Mume wangu, kuna nini? Mtoto humsemeshi. Mimi hunisemeshi. Chakula unakichezea tu."

"Sina neno."

"Una neno. Tangu lini ukawa mtu wa kunifokea mimi?"

Filimbi akafungua vifungo vya shati, akamgeuzia mgongo. "Sikiliza. Si wewe ndiye mjuzi? Haya, sikiliza. Kuna kitu humo?"

Mkewe akaweka sikio. Akasikiliza kwa muda mrefu kuliko kawaida. "Hakuna," akasema polepole.

"Basi niache."

Akamwacha. Angefanyaje? Kwa miaka yote sikio lile ndilo lililompa habari za mumewe, na sasa sikio lilisema mtu huyu ni mzima. Hakujua kwamba ugonjwa ulikuwa umehama, umekwenda mahali ambapo sikio halifiki.

Ilifika wakati Filimbi akaanza kuwaza kwamba yeye ni mzigo. Aliwatazama mkewe na bintiye wakizungumza chini kwa chini mezani, na moyo ukamwambia nyumba hii ingepumua vizuri zaidi wewe usipokuwapo. Wazo hilo lilimwogopesha, kwa maana lilikuja na sauti yake mwenyewe, likazungumza kwa utulivu kama mtu anayetoa ushauri mwema. Hilo ndilo alilolificha ndani kabisa, chini ya mengine yote.

Siku ya msiba wao walikuwa wanashona magodoro ya bweni. Ilikuwa asubuhi, jua limeingia hadi katikati ya chumba, na pamba ikielea humo. Godoro lilisimama kati yao. Inakuja. Inarudi. Inakuja. Inarudi. Walifika nusu, ndipo mkewe, aliyekuwa amebeba jambo moyoni tangu jana, akashindwa kusubiri godoro lilazwe. Akasema kutoka upande wa pili, "Mtoto ameniomba nimtengee chakula chake kando. Anasema anakuogopa."

Hasira ilimpanda Filimbi mpaka macho yakaona giza. Hakusema "Inakuja." Alisukuma shazia kwa nguvu zake zote.

Upande wa pili hapakuwa na ukelele. Palikuwa na neno moja tu, "Ee," kama mtu aliyeshangaa. Kisha godoro likaegemea, likaanguka, na Filimbi akamwona mkewe amesimama, kiganja kimeinuliwa, shazia imepita toka mbele hadi nyuma na uzi bado unaning'inia.

Kinyozi alifika mbio na taulo safi, safari hii bila mzaha wowote mdomoni. Wakampeleka mama wa watu hospitali. Aliyekuwa zamu akamuuliza imekuwaje, na mkewe akajibu haraka, bila kumtazama mumewe, "Ni ajali. Nilisogeza mkono kabla ya wakati." Kwa hiyo mume aliyekuwa akificha sasa akapata wa kumsaidia kuficha. Sindano ilikuwa imekata kano mbili zinazokunja vidole. Madaktari walizishona kadiri walivyoweza, lakini walimwambia ukweli: kidole cha mwisho na cha jirani yake huenda visikunjike tena.

"Nisamehe," Filimbi alimwambia njiani kurudi.

"Ni ajali," mkewe alijibu.

"Nisamehe, bibie."

"Nimesema ni ajali." Aliyasema hayo akitazama dirishani, na mkono uliofungwa bendeji ulikuwa pajani mwake kama kitu cha mtu mwingine.

Hapa ndipo mtu mwenye akili zake angekwenda moja kwa moja kwa yule mama wa miwani akasema yote. Filimbi alikwenda nusu ya njia. Alijua sasa kwamba kidonge ndicho kilichomharibu, akaamua kukiacha. Lakini akaamua kukiacha kimyakimya. Kila jioni alikipokea kutoka kwa mkewe na kikombe cha maji, akanywa maji, kidonge akakitia mfukoni. Alikuwa ameficha ugonjwa, sasa akaficha na dawa. Na zile fikra mbaya hazikuondoka mara moja kama alivyotarajia. Zilimfuata bado, na sasa zilikuwa na mkono wa mkewe wa kumwonyesha.

Maua ya nyasi yalikuwa hayajaisha. Baada ya siku chache kifaranga alirudi kifuani. Filimbi alimsikia mwenyewe, akaanza kuamka mapema na kuvaa shati kabla mkewe hajafumbua macho. "Niko salama," alimwambia. "Wewe angalia mkono wako."

Asubuhi moja karakanani alikuwa anafungua robota jipya. Vumbi likapanda. Alikohoa, akakohoa tena, akatafuta hewa akaikosa. Mkewe alikuwa mlangoni, anapanga foronya kwa mkono mmoja. Alipogeuka alimwona mumewe amepiga magoti, anachokora mfukoni, anatoa vidonge vyenye manyoya ya pamba, anavitupia mdomoni kimoja baada ya kingine. Alivimeza bila maji. Kisha akangoja. Alingoja vimfungue kifua kama vilivyomfungua zamani, na kifua kikazidi kujifunga, kwa kuwa kidonge kile si cha saa ile, na aliambiwa.

"Pampu!" mkewe akapiga kelele. "Pampu iko wapi?"

Filimbi hakuweza kujibu. Midomo yake ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Mkewe akavuta droo ya mashine, akamwaga vifungo na rula na mikasi sakafuni, akaipata. Kinyozi, aliyesikia kelele, alikuwa ameshafika, akamketisha wima na kumshika kwa nyuma asianguke. Mkewe akamwekea pampu mdomoni, akabonyeza. "Vuta, mume wangu. Vuta. Tena. Usinifanyie hivi, vuta!" Akavuta kidogo. Akabonyeza tena. Kinyozi akapaza sauti kwa mwenye duka la rangi alete gari. Ndani ya gari mkewe aliendelea kumhesabia pumzi, na machozi yalimtiririka bila kuyapangusa.

Waliwahi. Alivishwa barakoa ya mvuke wa dawa, akachomwa sindano, na mchana ule akarudi kutoka mahali ambako wengi hawarudi. Yule daktari wa miwani alikuja kukaa kando ya kitanda. Mkewe alikuwa upande wa pili. Daktari aliweka mezani vidonge vitatu vilivyokuwa vimesalia mfukoni.

"Hivi vilikuwa vikifanya nini mfukoni, baba?"

Filimbi akatazama dari. "Nilisahau kuvimeza."

Mkewe ndiye aliyejibu. Alimtazama mumewe usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ya shazia, akasema, "Mimi ndiye ninayekupa kila jioni. Nilikuona unameza." Sauti yake haikuwa na ugomvi. Ilikuwa na uchovu tu. "Nimewadanganya watu wa hospitali hii kwa ajili yako. Nimesema ajali. Sasa unanidanganya na mimi?"

Hapo ngome ikavunjika. Filimbi alilia mbele ya wanawake wawili, na safari hii hakutaja vumbi. Alisema yote, kwa pumzi fupifupi, akipumzika kati ya neno na neno: ndoto za mtu aliyeshonewa godoroni, maneno aliyomwambia mtoto, machozi ya mchana. Alisema kwamba siku ile hakuita "Inakuja," kwamba aliisukuma shazia kwa hasira naye akijua mkono wa mkewe uko upande wa pili. Na mwisho akasema lile la chini kabisa, kwamba kuna siku alitamani asiwepo.

Mkewe aliziba mdomo. "Ulitaka kutuacha," alisema. "Ulikuwa mbele yangu kila siku, unataka kutuacha, na mimi nasema umepona."

"Daktari aliniambia," Filimbi akasema. "Aliniambia niwaambie. Sikuwaambia."

"Mawazo hayo unayo hata sasa?" daktari akauliza.

"Yanakuja. Si kama mwanzo."

"Umefanya vizuri kusema. Kidonge hiki hutakimeza tena, na nitaandika hivyo popote utakapotibiwa. Mambo haya huweza kuchukua muda kutulia hata ukishaacha dawa, kwa hiyo hutakaa peke yako siku hizi. Yuko mwenzangu anayeshughulika na mambo ya akili, atakuja kukuona leo. Na wewe, mama, yakirudi hayo mawazo usingoje kupambazuke."

Filimbi aliitikia kwa kichwa. Kisha akauliza swali lililomkaa rohoni muda wote ule, swali ambalo kwa ajili yake alikuwa amevumilia kila kitu. Aliliuliza kwa unyonge, kama mtu anayejua jibu na analiogopa.

"Sasa, Dokta, bila kidonge nitapumulia nini?"

Daktari akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Kwani ulidhani ni hicho tu? Kuna dawa ya kuvuta ya kila siku, asubuhi na jioni, ya kukinga. Kuna ya kupuliza puani kwa ajili ya hayo maua. Wagonjwa wangu wengi wanatumia hizo na wanafanya kazi zao. Zimo humu hospitalini, dirisha la dawa, hapo chini."

"Zimeletwa lini?"

"Zilikuwepo siku ile ile niliyokupa kidonge. Ungenipigia simu kwamba umeota vibaya, ningekubadilishia kesho yake."

Mkewe alinyoosha mkono juu ya shuka kumshika mumewe, mkono ule ambao bendeji ilikuwa imeshaondolewa na mshono bado mwekundu. Kidole gumba na viwili vilivyokifuata vilifunga juu ya mkono wa Filimbi. Viwili vya mwisho vilibaki vimenyooka.

Filimbi alipona kifua, na baada ya miezi akili yake nayo ikatulia. Bintiye akarudi mezani, kwanza kwa woga, baadaye kwa utani. Vidole vile havikukunjika tena mpaka leo. Simu moja tu ilikuwa inahitajika, na sentensi moja ndani yake, na kila alichoogopa kupoteza kingebaki salama, na mkono wa mkewe pia. Basi anayecheka na acheke, lakini akimaliza akumbuke: mficha uchi hazai.